Kurasa Zisizopunguzwa

Madamu Patricie alipotokeza kwenye baraza la mafundi nguo, soko la Kamembe, Zulaikha alidhani amekuja kujaribu gauni lake. Alikwisha peleka mkono kwenye rundo la vitambaa kulitafuta, ndipo akaona kwamba mgeni hakuja na uso wa gauni. Alikuja na kitabu. Alikishika kwa vidole viwili, mbali kidogo na mwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenziwe.

"Maman Uwera," alisema, "hii kitabu yenu ni ya wizi?"

Mashine zilinyamaza, moja baada ya nyingine, hadi mwisho wa baraza. Mahali pale mvua inaweza kupiga mabati mpaka watu wasisikilizane na mashine zisinyamaze. Lakini neno wizi halina haja ya kupigiwa kelele ili lisikike.

"Wizi gani, Madamu?" Zulaikha aliuliza, akisimama. Uzi ulimning'inia begani na hakuuona. "Kitabu tuliitoa ku internet. Benyewe balisema kila muntu anakili. Si iliandikwa pale nyuma?"

"Ndiyo nimeisoma pale nyuma. Ndiyo iliyonileta." Patricie alifungua ukurasa wa mwisho akausogeza kwenye mwanga. Alikuwa mkuu wa kituo cha ushonaji kule Gihundwe, mama wa sauti ndogo ambaye hata akikasirika hupunguza sauti badala ya kuipandisha. "Hapa juu imeandikwa: kila mtu ana ruhusa ya kunakili maandishi haya ya leseni, lakini kuyabadilisha hairuhusiwi. Sawa?"

"Sawa kabisa."

"Kisha chini yake imeandikwa: atakayekiuza ghali, Mungu anamuona."

Bahizire, fundi wa suti aliyevuka mpaka kila asubuhi kutoka Bukavu na kuketi mashine ya jirani, alikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa.

"Najiuliza tu, Maman," Patricie aliendelea. "Bale bantu ba Ulaya ndio balisema Mungu anamuona?"

"Ile... ile ni mimi niliitia."

"Na Bismillahi?"

"Ni mimi."

"Na hii, mjane na yatima wapewe kwanza?"

"Ni mimi, Madamu. Mais lakini, si ni maneno mazuri?"

"Mazuri sana. Lakini si yao. Na yale yao yako wapi? Leseni gani hii ya ukurasa mmoja?"

Zulaikha alitazama kitabu, kisha akatazama mikono yake. "Ilikuwa ndefu," alisema. "Nilipunguza."

Alilisema neno hilo kama alivyolisema kila siku kwa wateja. Gauni likiwa refu hupunguzwa. Likibana huachiwa. Likija na ukosi usiopendeza, ukosi hung'olewa ukawekwa mwingine, na mwenye gauni hurudi kushukuru. Tangu akiwa msichana hakuna kitu kilichopita mikononi mwake kikatoka kama kilivyoingia, na hilo ndilo watu walilomlipia. Haikumjia hata siku moja kwamba duniani kuna kitu kinachotolewa bure kabisa kwa sharti la kutoguswa mkono wa fundi.

Kicheko cha Bahizire kilimponyoka. "Weee, Maman Uwera! Balikuambia usibadilishe, ukaandika vizuri kwa mukono yako usibadilishe, kisha ukabadilisha!"

Baraza zima likacheka. Hata Patricie mdomo ulimcheza, lakini alijizuia. Alimweleza Zulaikha jambo lenyewe polepole: Jumamosi wasichana wanamaliza mafunzo, wageni wa wilaya wanakuja, na yeye hawezi kugawa kitabu mbele ya watu kisha kesho aambiwe kituo kinagawa mali ambayo hakina haki nayo. "Mukikitengeneza kabla ya Jumamosi asubuhi, nitakigawa kwa furaha. Kisipotengenezwa, watapokea mashine na mkasi. Sina ubaya na wewe."

Alikiweka kitabu juu ya meza ya mashine, akaaga. Zulaikha aliketi. Nyuma yake mtu mmoja aliyekuwa akisubiri suruali alimwambia mwenziwe, bila kunong'ona vya kutosha, kwamba siku hizi hata wapiga cherehani wamekuwa waandishi.

&nbsp;

Kitabu chenyewe kilikuwa kijitabu tu, cha namna ya kutunza cherehani na kuitengeneza ikigoma. Uwera, binti yao aliyefundisha shule ya msingi, alikuwa amekipata kwenye mtandao kwa Kifaransa. Zulaikha alikipenda tangu picha ya kwanza, akakihamishia Kiswahili kwa muda wa msimu mzima wa mvua, jioni kwa jioni. Leseni iliyokuwa mwishoni, yale masharti ya wenye kitabu, ilikuwa ya Kiingereza. Uwera alimwambia maana yake kwa mdomo, kwa haraka, kabla ya kwenda semina Huye, na mama akaishona mwenyewe kulingana na nafasi iliyobaki.

Lakini sura ya mwisho haikutoka kwenye mtandao. Ilitoka kwa Latifu, mume wake.

Latifu alikuwa fundi wa mashine za kushonea, na kuanzia Bugarama mpaka ng'ambo ya mto hakuna cherehani iliyougua isiyomjua. Sasa macho yake yalikuwa yanafunga. La kulia lilikwisha kwenda, la kushoto lilifuata taratibu, na daktari alikuwa amemwambia ukweli kwa upole. Tangu siku ile Latifu aliacha kupanda vilima na mkoba wake. Alikaa nyumbani, na neno alilolirudia lilikuwa moja: "Nitaondoka na mashine zote kichwani." Ndipo Zulaikha alipomketisha akamwambia aseme, yeye aandike. Alisema mambo ambayo Wazungu hawakuyajua: kutu inayoletwa na unyevu wa ziwa, watu wanaotia mafuta ya kupikia badala ya mafuta ya mashine, mpaka vyuma vikaganda kama chungu cha jana, na namna ya kusikiliza mashine kwa sikio, ikikwaruza maana yake nini, ikigonga maana yake nini.

Wasichana wa Patricie walitoka Bugarama, Nyakarenzo, na vilima vya mbali. Wakitawanyika Jumamosi hawatakusanyika tena. Kila mmoja atakuwa na cherehani mpya nyumbani kwao na hakuna fundi karibu. Maneno ya Latifu yasipokwenda nao Jumamosi, Zulaikha hakuona yatakwenda na nani.

&nbsp;

"Toeni sura yangu," Latifu alisema mchana ule, baada ya kusikia yote. Aliketi kwenye mkeka akichambua maharagwe, maana maharagwe huchambuliwa kwa vidole na vidole vyake vilikuwa vizima. "Rudisheni kitabu ya benyewe vile ilikuwa. Matata itaisha."

"Haitoki," Zulaikha alisema.

"Mama Uwera, sitaki kuitwa mwizi uzeeni."

"Ni mimi nilipunguza, ni mimi mwizi. Sura yako haijaiba kitu."

Uwera alikuwa amerudi kutoka Huye asubuhi ileile. Begi lake lilikuwa bado mlangoni. Aliketi katikati yao na simu, akisoma leseni kwa Kiingereza, midomo ikitembea. Alikuwa msichana asiyependa kukisia. Mama yake alimpa chai, ikapoa. Akampa nyingine.

"Bon, basi," alisema mwishoni. "Mama, sikiliza. Kitabu chenyewe unaweza kukibadilisha. Unaweza kuongeza, kupunguza, kutafsiri, hata kuuza."

"Hata kuuza ghali?"

"Hata ghali."

"Na Mungu?"

"Mungu hayumo kwenye leseni, Mama. Kitu ambacho huwezi kugusa ni leseni yenyewe. Hiyo inakaa vilevile, neno kwa neno, kwa Kiingereza, na inatembea pamoja na kitabu. Ukitaka kuitafsiri, tafsiri kwa uaminifu, uweke pembeni ya ile ya asili, si mahali pake. Na zikigombana, ile ya Kiingereza ndiyo inashinda."

"Yaani gauni nakata nitakavyo," Zulaikha alisema polepole, "lakini ile risiti inabaki nzima."

"Kitu kama hicho. Sasa, kuna mambo mengine tumekosa." Uwera alitazama jalada. "Jina la kitabu. Tumeacha lilelile lao. Kitabu kikibadilishwa lazima kipewe jina lake, ili watu wasidhani ni kilekile. Na ukurasa wa kueleza kilitoka wapi, nani alibadilisha nini, lini. Na majina ya walioandika mwanzo. Mama, majina yao yako wapi?"

Zulaikha aliinamisha uso. "Niliyatoa."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa magumu, mwanangu. Lile moja lilikuwa na vidoti juu ya herufi. Niliona bora nisiandike jina la mtu kuliko niliandike vibaya. Ni heshima."

Latifu aliitikia kwa kichwa. Kwake hilo lilikuwa na maana kabisa.

"Wao hawataiona hivyo," Uwera alisema, na sasa alikuwa akitabasamu. "Watasema hukuwataja. Halafu, Papa, kuna hili. Kwenye ukurasa wa kwanza lazima liandikwe jina la mtu aliyeongeza."

"Lipi?"

"Lako."

Latifu aliacha maharagwe. "Apana. Fundi haandikake jina yake juu ya mashine ya benyewe. Unatengeneza, unafunga, unaenda."

"Si suala la kupenda, Papa. Ni sharti. Hawaombi."

"Banalazimisha?"

"Wanalazimisha."

Zulaikha alimtazama mumewe. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa amejaribu kumfanya mtu huyu aweke kibao mlangoni, apake jina kwenye mkoba wake, aseme kwa wateja kwamba yeye ndiye Latifu. Hakufanikiwa. Na leo watu ambao hawajawahi kufika Rusizi, kwa karatasi moja ndefu ya Kiingereza, walikuwa wamemkamata.

"Banasema aje kama muntu anakataa?" Latifu aliuliza.

"Basi sura haiwezi kuchapwa."

Mzee alirudia maharagwe. Alitupa kokoto moja, akatupa nyingine. "Kama ni sheria," alisema, "mimi sina mudomo ya kubishana na sheria." Na akainamia ungo haraka, ila Zulaikha alikwisha liona tabasamu.

&nbsp;

Bizimana alikuwa na duka la kuchapa karibu na stendi ya mabasi, na vitabu vyote vilikuwa pale tayari, vimebanwa pini, vimepangwa juu ya meza kama matofali. Alisikiliza habari nzima kwa mikono kiunoni.

"Mumechelewa," alisema. "Mimi nimemaliza. Kurudia yote? Haiwezekani. Nina mialiko ya harusi, nina mitihani ya shule mbili. Na karatasi nani anatoa?"

"Si kurudia yote," Uwera alisema. "Jalada jipya, ukurasa wa kwanza mpya, wa historia, na leseni."

"Leseni iko na kurasa ngapi? Weee! Mbona inazidi sura ya sindano? Sikia, mwalimu. Weka anwani ya internet tu. Mutu akitaka leseni, anaingia pale anaisoma. Bote banafanya vile."

Uwera alifungua kinywa, lakini mama yake alimtangulia.

"Bizimana, mutoto wa Nyakarenzo mwenye simu ya tochi, anaingia wapi?"

"Aende kwa jirani."

"Jirani ana simu ya tochi pia."

"Na leseni yenyewe inasema maandishi yawemo ndani," Uwera aliongeza. "Anwani peke yake haitoshi."

Bizimana alishusha pumzi ya mtu anayeonewa. Alichukua simu ya Uwera, akaitazama leseni juu juu, hasa kuona urefu wake, kidole kikisukuma, kikisukuma. "Na hapa? Hii inasema nini? Naona publisher."

"Inasema ukurasa wa kwanza utaje na jina la anayekitoa kitabu. Yaani mchapishaji."

Kidole kilisimama. "Mchapishaji ni nani?"

Mama na mtoto walitazamana. Hawakuwa wamefikiria.

"Tunaweza kusema ni wewe," Uwera alisema.

"Ukurasa wa kwanza?"

"Ukurasa wa kwanza."

"Bizimana na nini? Na jina la duka? Herufi kubwa?"

"Ukubwa hawajausema."

Bizimana aliirudisha simu kwa adabu. Alivuta kiti kwa mguu, akampangusia Zulaikha vumbi. "Kaa, Maman. Kaa. Karatasi nitatoa mimi. Kwanza ile mialiko ya harusi, bibi arusi mwenyewe bado hajaamua tarehe." Kisha akakuna kichwa. "Lakini kuingiza kurasa ndani ya vitabu vilivyokwisha banwa, hapo sina ujanja. Pini zangu hazipiti unene ule. Zinapinda kama tambi."

Zulaikha alichukua kitabu kimoja, akakibonyeza mgongoni kwa kidole gumba na cha shahada, jinsi anavyopima kitambaa cha koti. Alikibonyeza mara ya pili.

"Vitu vinene," alisema, "sisi tunashona."

&nbsp;

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri baraza la mafundi halikushona nguo.

Zulaikha alikuja na vitabu ndani ya shuka, Uwera na Bizimana nyuma yake na kurasa mpya zikiwa bado na joto la mashine. Hakuomba msaada. Aliketi, akang'oa pini kwa ncha ya mkasi mdogo, akachana ule ukurasa wake wa zamani, akaweka leseni mwishoni na karatasi mpya mwanzoni, akavalisha jalada, akainua mguu wa mashine na kuingiza kitabu chote chini yake. Baraza lilitazama. Akakanyaga.

Mashine ilikwenda vizuri, trrrr, kando ya mgongo wa kitabu. Alipokitoa na kukifungua, jalada lilibaki mkono wa kushoto na kitabu mkono wa kulia.

"Hongera," Bahizire alisema. "Umeshona stempu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mishono ilikaribiana mno, matundu yamepangana, na karatasi imechanika kwenye mstari kama stempu ya posta. Walicheka wote, Zulaikha akacheka nao, lakini kicheko chake kilikuwa na jasho.

"Refusha mushono," ilisema sauti kutoka ngazini.

Latifu alikuwa amekuja. Hakuna aliyekwenda kumchukua; alikuwa amepita njia nzima peke yake na fimbo, akiuliza. Hakuwa amekanyaga soko tangu macho yaanze kufunga. Mafundi walisimama. Kila mashine kwenye baraza lile ilikuwa imepita mikononi mwake.

"Mzee Latifu! Papa Uwera! Kumbe bado unaishi?"

"Bado naonja. Refusha mushono mpaka mwisho, weka sindano ya jinzi. Na legeza uzi wa juu, nasikia unavuta."

"Umesikia ukiwa ngazini?"

"Nimesikia nikiwa kwa wauza dagaa."

Walimpa kigoda katikati ya baraza. Zulaikha alibadilisha sindano, akarefusha mshono, akaingiza kitabu cha pili. Tak, tak, tak, polepole, mguu ukibembeleza. Alikitoa, akakifungua. Kilishika. Alikivuta. Kilishika.

Bahizire alitupa pembeni mguu wa suruali aliokuwa akiukunja. "Lete hapa kumi," alisema. "Mwenye suruali atatembea na kaptula."

"Mwenye suruali nimesimama hapa," mtu mmoja alilalamika. Alikuwa yuleyule wa jana.

"Basi shika mukasi, ung'oe pini. Usisimame kama mti."

Na yule mtu akang'oa pini mpaka alasiri, na alizing'oa vizuri.

Kazi ilienea kutoka mashine moja hadi nyingine. Kila fundi alitumia uzi aliokuwa nao, kwa hiyo vitabu vingine vilitoka na mgongo mwekundu, vingine kijani, kimoja kilitoka na uzi wa dhahabu wa shela za arusi. Bizimana alizunguka akikagua ukurasa wa kwanza, ule uliokuwa na jina lake. Latifu aliketi, fimbo katikati ya magoti, akigeuza sikio. "Mashine ya tatu, mafuta! Mafuta, si mawese!" "Wewe wa mwisho, sindano yako imepinda." Wakati mwingine alinyamaza tu akasikiliza zote pamoja, na Zulaikha, akimtazama juu ya kitabu alichokuwa akishona, aliona kwamba uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikia watoto wake wakicheza uani.

Jina jipya la kitabu lilikuwa limetoka kwake: *Sikiliza Mashine*. Chini ya jina walikuwamo wale Wazungu wote, na vidoti vyao vyote. Uwera alikuwa amevihesabu kwenye karatasi ya asili. Chini yao Zulaikha, aliyetafsiri. Chini yake Latifu, aliyeongeza sura ya mwisho. Bismillahi, na wajane, na yule anayeuza ghali ambaye Mungu anamuona, walipata ukurasa wao uliofuata, wenye kichwa Salamu za Mfasiri.

"Hapo unaweza kusema lolote," Uwera alikuwa amemwambia. "Hapo ni kwako."

Zulaikha alikuwa ameongeza na mistari miwili ya dua.

Ilipokaribia magharibi kitabu cha mwisho kilikuwa chini ya sindano ya Bahizire. Alikikata uzi kwa meno, akakipungia hewani. "Maman Uwera! Na hiki tukipunguze kidogo?"

"Thubutu!"

&nbsp;

Jumamosi Madamu Patricie alipokea vitabu mlangoni mwa kituo. Alifungua cha juu, akaenda moja kwa moja mwishoni, akalinganisha mwanzo wa leseni na mwisho wake na karatasi ya leseni ya asili aliyokuwa nayo. Alirudi mbele akasoma majina. Alipita mkono juu ya mshono wa kijani.

"Mimi nilifikiri mutabandika kwa gundi," alisema.

"Gundi ni ya waalimu," Zulaikha alijibu. Patricie akacheka kwa sauti, jambo ambalo wasichana wake walilisimulia baadaye.

Wageni wa wilaya walihutubia. Wasichana walipokea mashine, wakapokea mkasi, wakapokea kitabu, na ngoma zikapigwa kila mara jina lilipotajwa. Patricie alimwita Latifu asimame, akasimama, akatafuta upande watu walipo, wakampigia makofi mpaka akaketi kabla hawajamaliza. Kisha zikaja fanta na brosheti za nyama, na uwanja ukawa wa watu waliokaa popote walipopata kivuli.

Ni hapo Dusabe, msichana mrefu wa Nyakarenzo, alipokuja na mashine yake mpya kichwani na kitabu kwapani. Alitua mashine mbele ya Latifu. Alisimama. Alisugua mguu mmoja kwa mwingine.

"Sema, mwanangu," Zulaikha alimwambia.

"Mzee, kuna kosa."

Watu waliokuwa karibu waliacha kutafuna.

"Kosa wapi?" Latifu aliuliza.

"Kwenye sura yako. Umeandika uzi unaingia sindanoni kutoka kulia. Lakini hizi mashine tulizopewa... zinaingiza kutoka kushoto. Nimejaribu ya kulia, inakata uzi. Samahani, Mzee."

Latifu alinyoosha mikono. Waliisogeza mashine mpaka magotini pake. Vidole vilipanda kichwa cha mashine, vikashuka kwenye mkono wa kuvutia uzi, vikapita sahani ya mbele, vikaishika sindano na kuizunguka taratibu. Vilisimama upande wa kushoto. Vikarudi kulia. Vikaenda tena kushoto.

"Hii mashine ni mpya," alisema. "Sijawahi kuishika. Wameigeuza." Na mabega yake yakaanza kutikisika. Zulaikha alidhani analia, akamshika, kumbe alikuwa akicheka. Alicheka mpaka lile jicho lisiloona likatoka machozi. "Msikieni mtoto! Amesoma! Mama Uwera, amesoma mpaka sura ya mwisho!"

"Nimesoma, Mzee."

"Basi rekebisha."

Dusabe alimtazama Zulaikha, kwa kuwa aliona huenda mzee anatania. "Niko na ruhusa?"

"Unayo," Zulaikha alisema. "Kitabu badilisha. Ongeza unachokijua, toa kilichokosewa, mpe na mwenzako wa Bugarama anakili. Zile kurasa za mwisho tu usiziguse hata herufi. Mimi nilizigusa, uliza soko zima."

Dusabe alitoa kalamu. Alipiga magoti chini, akaweka kitabu juu ya kitako cha mashine yake mwenyewe, akakata neno kulia kwa mstari mmoja safi, akaandika kushoto, na pembeni akaeleza ni mashine zipi. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu anayejua kwamba anatazamwa. Alipomaliza alifunga kalamu.

"Bado," Latifu alisema. "Ukibadilisha, unaandika jina. Si kupenda. Ni sharti."

"Niliandike wapi?"

Latifu alinyoosha kidole juu ya ukurasa wa kwanza, lakini kidole hakikujua pa kutua. Zulaikha alikishika akakipeleka chini, akavuka jina la kitabu, akavuka wale Wazungu na vidoti vyao, akajivuka yeye mwenyewe, mpaka kikafika kwenye jina Latifu. Mzee alikaa pale kidogo, kidole juu ya jina lake, kama anayepima joto la chuma. Kisha akakishusha mwenyewe, upana wa mstari mmoja.

"Hapa," alisema. "Chini yangu. Nafasi iko?"

Dusabe aliinama akatazama ule weupe uliobaki.

"Iko nyingi, Mzee," alisema, na akafungua kalamu.